Shukrani kwa dada aliyenivusha kwenye takwimu

Dada yangu, sijui hata sura yako. Tulikuwa darasa moja la mtandaoni, na jina lako silitaji kwa kuwa uliniomba nisilitaje. Shukrani lakini nitazitoa hadharani.

Nilianza shahada ya sayansi ya maabara nikiwa na diploma na miaka 11 kazini. Masomo mengine yalikwenda. Takwimu ndiyo iliyonikwamisha. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, nafungua kompyuta, nauangalia mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, huku machozi yananilenga. Barua ya kujitoa nilishaiandika.

Ndipo ukaniuliza: "Asubuhi kazini, kabla hujapima sampuli za wagonjwa, unafanya nini?" Nikajibu kwamba napima sampuli ya udhibiti, ambayo majibu yake yanajulikana tayari, na kuweka nukta kwenye chati ya Levey-Jennings, grafu ya kufuatilia kama vipimo vyetu viko sawa siku hadi siku. Ukasema, basi mchepuko sanifu unaujua. Ile mistari iliyo juu na chini ya wastani ndiyo hiyo. Majibu kama 95 kati ya 100 huangukia ndani ya michepuko 2, ndiyo maana nukta ikitoka nje tunasimama na kuchunguza. Miaka yote hiyo nilikuwa nachora kitu nilichodhani sikijui!

Usiku ule tulikaa kwenye simu hadi saa nane, na zamu yako ilikuwa inaanza saa moja asubuhi. Hilo sitalisahau.

Barua sikuituma. Wiki iliyopita nimehitimu. Asante sana, dada. Mungu akuzidishie, na yule mtoto uliyekuwa ukimbembeleza huku unanifundisha akue salama.