Darubini Haikuwa na Kosa

Konde, Pemba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo sote, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu.

Maneno hayo nimewafundisha watoto wa skuli miaka 31, kwamba barua haiandikwi bila ya hayo, wala sikuwahi kuyasikiliza. Upeo wa macho yangu! Mwaka jana upeo wa macho yangu ulikuwa unaishia kwenye ule mpapai wa ukutani. Aliyekuwa ng'ambo ya mpapai, hata akiwa mama yako anarudi na ndoo kichwani, kwangu mimi alikuwa Maskati.

Najua mama yako keshakueleza kwa simu kwamba nimefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho la kulia, na kwamba majirani wamekuja kunipa hongera kwa kujifungua salama. Hayo sirudii. Nakuandikia jambo ambalo kwenye simu ungelicheka, nami ningecheka, likapita. Nakuandikia habari ya darubini yangu ya kutazamia ndege.

Unakumbuka nilivyolalamika kwamba ile ya kwanza imeingia ukungu. Nikakwambia vioo vimeota kuvu kwa unyevu wa huku, na kweli huku vioo huota kuvu, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na nguo ya ukweli. Wewe ukanunua nyingine, isiyoingia maji, ya kukuza mara nane, ukampa mtu aje nayo. Bei hukuitaja. Ndugu yako aliiona kwenye kikaratasi ndani ya boksi, akapiga hesabu kwa shilingi, akanyamaza, akanitazama.

Asubuhi nikakaa nayo kwenye kigoda nyuma ya nyumba, nikaielekeza kwenye ua la mgomba. Ukungu ule ule. Nikaifuta kwa pindo la shati, nikapuliza, nikafuta tena. Jioni ukapiga simu: "Baba, hii vipi?" Nikakujibu naona mpaka unyoya mmoja mmoja.

Mwanangu, nilikudanganya. Darubini zote mbili hazikuwa na kosa. Ukungu ulikuwa ndani ya jicho langu.

Sikujua mapema, hilo naomba uniamini. Mwanzoni macho yalinifanyia ujanja. Tangu nina miaka 45 sisomi bila ya miwani, kisha ghafla nikawa nasoma gazeti kwa macho matupu, na msahafu pia. Nikatamba barazani kwamba macho yangu yanarudi ujanani. Kumbe, alivyokuja kunieleza daktari, kile kioo cha ndani ya jicho kinapokuwa kigumu na kizito huuvuta uoni karibu. Kilichonirudia ni cha karibu, na cha mbali ndicho kilichokuwa kinaniaga.

Halafu taa za gari usiku zikawa zinapasuka kama fataki. Mwezi ukawa miwili. Wakati wa kuchuma karafuu nikawa sijui zipi zimeanza kuingia wekundu na zipi bado mbichi. Nikawaachia vijana, nikajisingizia goti.

Hapo ndipo nilipojua. Na tangu hapo, miaka miwili, nimekuwa mtu wa kusikia. Ninga, yule njiwa wetu wa kijani, nilimjua kwa ule mluzi wake unaoishia kwa kukoroma, huku mtini juu. Yule bundi wetu mdogo anayesema "hu" moja tu, akanyamaza, akajibiwa na mwenzake upande wa pili, huyo hata mwenye macho hamuoni. Chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua, nilimpata kwa kile kisauti chembamba. Kila nilichosikia nilikiandika kwenye daftari kama nimekiona, ukinipigia nakusomea, nawe unafurahi. Wakati mwingine niliongeza chumvi: ameinama hivi, amegeuka hivi. Nisamehe.

Aliyenikamata ni mjukuu wangu. Siku moja tumekwenda naye msitu wa Ngezi, njia ile niliyokuwa nikikupeleka wewe. Nikamshika bega, nikamnong'oneza: "Tazama, ninga, usitikisike." Akatazama. Akatazama tena. Akaninong'oneza na yeye, kwa adabu kabisa: "Babu, huyo ninga ni embe."

Tukarudi kimya. Njiani nikamwomba asimwambie bibi yake. Akamwambia kabla hajavua viatu.

Mama yako hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Tangu lini?" Kesho yake nikaanza kupewa dawa za mtaa mzima. Mmoja asali, mmoja maji ya kitunguu, mmoja kombe la kunawia, yale maji yaliyooshewa aya. La kombe nilishukuru, ya kutia jichoni nilikataa, nimefundisha sayansi bwana. Hakuna tone linaloyeyusha mtoto wa jicho. Lakini neno moja lilinidanganya hata mimi: "Msubiri kwanza aive." Nikasubiri aive kama embe, miezi saba mizima. Daktari aliposikia alitikisa kichwa. Alisema hiyo ni habari ya zamani, na kwamba akiachwa sana huwa mgumu na kumtoa huwa kazi zaidi.

Siku waliyonipima jicho kwa ajili ya kuchagua kioo cha kunitilia, daktari aliniuliza nataka nione vizuri mbali au karibu, maana kioo chenyewe huchagua kimoja. Akasema wazee wenzangu wengi hutaka kusoma. Nikamwambia nataka umbali wa kutoka kigoda hadi mgombani. Hakunielewa, ikabidi nimweleze habari za chozi, na foleni nyuma yangu ikaguna.

Operesheni yenyewe haifiki muda wa kuchemsha muhogo. Matone ya kupanua mboni, sindano ya ganzi pembeni ya jicho (hiyo inauma, asikudanganye mtu), kitambaa chenye tundu usoni, kisha taa. Huoni kisu. Unaona mwanga unaocheza kama ule wa chini ya maji ukipiga mbizi Vumawimbi, na unasikia watu wanazungumza mambo yao. Walikata kijitundu kinachojifunga chenyewe bila uzi. Nilikuwa nimemwomba muuguzi anioneshe kitakachotoka, akakiweka kwenye pamba: kitu kama punje ya adesi, rangi ya chai ya mkandaa. Huko kwenu Omani, ukienda kwa mwenye miwani, lenzi wanaiita adasa, sivyo? Ndiyo hiyo hiyo adesi. Nimekula adesi miaka yote sijui kwamba ninayo jichoni.

Nilichotiliwa ni plastiki. Historia yake naipenda, ningekuwa nayo zamani ningeifundisha. Wakati wa vita vya pili marubani wa Uingereza vioo vya ndege vikivunjika, vipande vilikuwa vinawaingia machoni, na daktari mmoja, Harold Ridley, akaona vile vipande vya plastiki vinakaa mle jicho halivikatai. Mwaka 1949 huko London akamtilia mgonjwa lenzi ya plastiki hiyo hiyo. Madaktari wenzake wengi wakampinga kwa miaka. Basi baba yako leo anatazamia dirisha la ndege.

Kesho yake wakanifungua. Kitu cha kwanza nilichokiona ni koti la daktari, na nilitaka kumuuliza sabuni gani anafulia. Lilikuwa jeupe la kuingia ubuluu. Nikafunga jicho la kulia, nikatazama kwa la kushoto, ambalo bado: koti rangi ya samli. Kulia, jeupe. Kushoto, samli. Nimefanya hivyo njia nzima ya kurudi Konde, kwa mbingu, kwa bahari, kwa kanzu yangu ya Ijumaa niliyokuwa nikimsifu nayo mama yako kwamba anaifua ikang'aa. Yule mtoto wa jicho hakuniwekea ukungu tu. Alikuwa kama karatasi ya manjano mbele ya kila kitu, na rangi anazozila kwanza ni buluu na zambarau, taratibu, hata usijue zimekwenda.

Sasa chozi. Yule dume wetu wa Pemba, ambaye hayuko Unguja wala bara. Ulipokuwa na miaka sita uliniuliza kifua chake rangi gani, nikakupeleka chini ya mzambarau nikaokota tunda nikakupa. Mjukuu wangu aliniuliza swali hilo hilo mwaka jana, nikamwambia ni mweusi. Akasema, "Babu, kuna zambarau." Nikamkemea. Nikamwambia babu amewatazama chozi kabla baba yake hajazaliwa.

Siku ya tatu baada ya kurudi nimekaa kwenye kigoda, sina ruhusa ya kuinama wala kubeba, hata sala naswali juu ya kiti. Bila darubini. Akaja dume kwenye ua la mgomba, akaning'inia kichwa chini, akageuka kidogo tu jua likampiga. Kichwa kikawaka kijani. Kisha kifua. Kile kizambarau, mwanangu, hakikai mahali pamoja, kinakuja na kuondoka kila anapopumua, kwa sababu si rangi ya kupakwa, ni unyoya wenyewe ulivyopangwa unavyoutupa mwanga. Akigeuka upande anakuwa mweusi kama mkaa. Akirudi, zambarau.

Nikaropoka: "Chozi!"

Mama yako akatoka jikoni mbio na kitambaa safi, akidhani jicho linavuja. "La lipi, la lipi?" Nikamwonesha mgombani. Alinitazama kwa muda, akarudi kwenye chungu chake, na siwezi kukuandikia alichosema.

Jioni nilimwita mjukuu wangu, nikamtaka radhi. Akauliza kama nitampa kitu. Nimempa darubini ile ya kwanza, isiyo na kuvu. Nadhani hutakasirika.

Ya kwako iko shingoni mwangu. Kuna pete ndogo kwenye jicho lake la kulia, ya kusawazisha macho mawili yasiyolingana. Nilikuta nimeizungusha mpaka mwisho, miaka miwili nilipokuwa napigana na ukungu. Nimeirudisha pole pole, nikitazama unyuzi wa buibui uliofungia kiota cha chozi kwenye tawi la mlimau, mpaka unyuzi ukaonekana wazi kabisa. Hapo ndipo nilipojua umeninunulia kitu gani. Nikatamani kukupigia simu saa ile ile, lakini ningekwambia nini? Kwamba sasa naona vizuri kuliko siku nilipokwambia naona?

Usidhani kila kitu kimekuwa sawa. Nikimwona ndege sihitaji miwani, nikitaka kumwandika sioni daftari bila ya miwani. Nikiivaa na kuinua kichwa, ndege ni ukungu tena. Mama yako ameifunga uzi, naipandisha na kuishusha kama mizani ya muuza dagaa. Jua la saa sita linanichoma, navaa kofia pana. Na kuna jambo sikulitarajia: masikio yamelala. Kipindi cha giza nilikuwa najua nani yuko mtini kabla hajatua. Sasa natazama sana nasahau kusikiliza, juzi ninga kapiga mluzi juu ya kichwa changu sikumtambua. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla sijatia matone ya kwanza, nakaa kidogo nimefumba macho yote mawili.

Daftari nalo nimelirudia. Mistari ya miaka ile miwili ni 217. Ile niliyosikia kweli sikufuta hata mmoja, kwa sababu ndege walikuwepo, ila pembeni ya kila mmoja nimeandika kwa kalamu nyekundu "nimesikia". Minane nimeikata kabisa, hiyo niliitunga nilipokosa la kukwambia. Ule wa mdiria mwenye mdomo mwekundu mikokoni, uliokufurahisha hata ukamsimulia mumeo, ni mmojawapo.

Jicho la kushoto ni mwezi ujao, inshallah. Nauli ya kuja usijisumbue nayo, ndugu yako atanipeleka.

Kitwitwi wameanza kushuka ufukweni tangu wiki iliyopita, makundi kwa makundi. Wengine njia yao inapita huko kwenu, Barr Al Hikman, pale ulipokwenda na skuli ya watoto ukanitumia picha ambayo nilisema nzuri na sikuiona. Nitumie tena. Na mjulishe mkwe wangu salamu, na watoto wote, na umwambie habari ya mdiria mwenyewe kwa namna utakayoona inafaa.

Leo asubuhi, saa moja kasoro, jua limepanda mpapai: chozi dume mmoja, jike mmoja, kwenye mlimau. Nimewaona.

Baba yako