Barua kwa Swaleh: orodha yako nimeiona

Langoni, Amu
Jumapili usiku

Sahibu yangu Swaleh,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Kaskazi inavuma lakini joto haliendi popote, na mama kila wiki ananiuliza kama umeoa au bado unacheza gemu. Nimemwambia sasa unasomea uhandisi. Akasema, "Basi atacheza gemu akiwa mhandisi."

Orodha yako ya vipande vya kompyuta unayotaka kuiunga huko Malindi nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikaona haya, maana ni ile ile niliyoiandika mimi zamani: prosesa kubwa kuliko zote dukani, kasha la kioo lenye taa za kila rangi, kadi ya grafiki ya kutisha watu, halafu huko chini kabisa umeandika "powa saplai yoyote", yaani kile kinacholisha kompyuta nzima umeme. UPS, lile boksi la betri linaloshika stima ikikatika, haimo hata kwa bahati mbaya. Swaleh, yoyote?

Unaijua kazi yangu, kupima nyumba kongwe za mji na kuzichora. Kila chumba ninachotia futi, kiwe cha tajiri au cha mtu wa kawaida, upana wake haupiti mita 3 hivi. Fundi wa zamani hakuanza kwa kuuliza mwenyewe anataka chumba kikubwa kiasi gani. Alianza na boriti ya mkoko, urefu wake ndio ukaamua upana wa chumba. Na wewe anza na boriti yako, nayo ni stima. Mengine yote yafuate.

Ile kompyuta yangu ya kwanza, ya mtumba, haikuuawa na gemu wala michoro. Usiku mmoja baada ya Isha stima ilikatika, ikarudi, ikakatika, ikarudi, yote ndani ya dakika moja. Mara ya tatu nikasikia "tak!" ndogo, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Asubuhi nikaifungua barazani. Kapasita mbili, vile vimitungi vya kuhifadhi chaji, zilikuwa zimevimba vichwa. Lakini kilichonishangaza zaidi ni skrubu za nyuma: zimeota kutu nyekundu, na kwenye matundu ya waya wa sauti kuna ukungu wa kijani kama wa sinia ya shaba isiyosuguliwa mwaka mzima. Dirisha langu linatazama bahari. Chumvi ilikuwa inaingia kila siku, nami nafurahia upepo.

Kwa hiyo hesabu zako zianzie hapa. Hiyo prosesa ya Intel, Core i9-14900K, uliyoiandika, ikikazwa, hunywa hadi wati 253 peke yake. Tena vizazi vile vya 13 na 14 vilileta zogo la volti, Intel wenyewe wakatoa marekebisho mwaka 2024 na kuongeza muda wa dhamana. Iache. Chukua Ryzen 5 7600 ya AMD: viini 6, ndio wafanyakazi wake, nyuzi 12, ndizo kazi inazoshika kwa pamoja, na ikifanya kazi kwa nguvu zote inakwenda kwenye wati 88 hivi. Huja na feni yake ndani ya boksi, hununui nyingine. Na ina grafiki ndogo ya ndani, si ya gemu, ila siku kadi yako ikileta ukaidi utaona skrini angalau.

Utaniambia viini 6 ni vichache kwa mhandisi. Hapana. Ukichora sehemu kwenye programu za uhandisi kama AutoCAD au SolidWorks, kazi kubwa hubebwa na kiini kimoja kwa wakati mmoja, vingine vinakaa barazani vikitazama. Viini vingi vina faida unapotoa picha ya mwisho kwenye Blender, programu ya michoro ya 3D, au unapokokotoa mkazo ndani ya chuma. Hayo kwa mwanafunzi ni ya mara moja moja, na yakichukua dakika 20 badala ya 10 unakwenda kunywa kahawa. Zaidi ya hayo, soketi ya AM5, pale prosesa hii inapochomekwa, bado ina umri. Ile ya kabla yake, AM4, ilipokea Ryzen za kwanza mwaka 2017 na mwaka 2022 bado ilikuwa inaletewa prosesa mpya. Kesho ukipata kazi utabadilisha prosesa tu, madabodi, ile bodi kuu inayobeba vyote, inabaki.

Usiweke RAM, kumbukumbu ya kazi, chini ya GB 32. Hapo usibane. Na zije vipande viwili vya 16, si kimoja cha 32, kwa sababu viwili hupitisha data kwa njia mbili pamoja. Zichomeke nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Wengi huzijaza mbili za mwanzo kwa sababu ndizo zilizo karibu. Halafu ingia BIOS, ile menyu ya madabodi yenyewe, uwashe EXPO, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, la sivyo umenunua RAM ya kasi ya 6000 na inatembea kwa 4800, nawe hujui.

Kadi ya grafiki ndiyo iliyoninyima usingizi kwa ajili yako. Ni lazima iwe ya Nvidia, nakubaliana nawe, kwa sababu programu za hesabu zinazotumia CUDA, njia ya Nvidia ya kukokotoa kwenye kadi, hazitaki nyingine. Basi imebaki RTX 3060 yenye kumbukumbu ya GB 12 au RTX 4060 ya GB 8. Ya pili ina kasi zaidi kwenye gemu na hula wati 115, ya kwanza hula 170. Mimi nina 3060, kwa sababu nikipakia nyumba nzima na zidaka zake zote kwenye Blender, GB 8 hujaa mapema. Wewe bado unachora gia na mabano. Chukua 4060, joto lipungue chumbani na UPS ipumue. Mtu atakwambia SolidWorks haizithibitishi kadi za gemu. Ni kweli, hazimo kwenye orodha yao, lakini kwa kazi za darasani zitakuchorea bila shida.

Sasa jumlisha: prosesa 88, kadi 115, na vingine vyote ukivipa 60, hujafika hata wati 300. Powa saplai ya wati 650 yenye alama ya 80 Plus Bronze au zaidi, ile ya kutopoteza stima ovyo, ya kampuni inayotoa dhamana ya miaka mitano na kuendelea, inakutosha hata ukiongeza kadi baadaye. Usimwache muuzaji akutie ile nyepesi kama boksi tupu. Ishike mkononi kwanza. Powa nzuri ina uzito. UPS nayo iwe na kirekebisha volti ndani, na usidanganyike na namba kubwa ya VA iliyoandikwa usoni. Geuza nyuma usome wati, huwa pungufu. Ukipata yenye wimbi safi la sini, yaani umeme laini kama wa ukutani, bora zaidi, maana powa za kisasa nyingine hukataa lile wimbi la ngazi ngazi na kuzima papo hapo stima inapokatika, yaani wakati ule ule unaoihitaji.

Diski, SSD ya NVMe, ile ya kasi inayochomekwa kwenye madabodi, ya TB 1. Sina la kuongeza.

Kasha la kioo lifute. Si kwa wivu. Kasha langu lilitoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe upande wa bara, likashushwa kwenye boti, likapanda ngazi za gati begani mwa kijana mmoja mwenye haraka, likamalizia kwa mkokoteni juu ya mawe ya Langoni. Kioo kisingefika. Malindi gari inafika mlangoni, nakubali, lakini pale kwenu Shella (yenu ya Malindi, si hii yetu ya Amu, ya kweli) bahari mnaisikia mkiwa kitandani. Tafuta kasha la chuma lenye wavu mbele na kichujio unachoweza kukitoa ukakipangusa. Feni zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazotoa, hewa ipite kichujioni isiibe njia kwenye matundu ya nyuma. Mimi kichujio changu nakifungua kila Ijumaa asubuhi, natoa unga mweupe wa chokaa ya ukuta, wa kutosha kupaka kucha. Na iwashe kila siku hata kama huna kazi. Kompyuta yenye joto kidogo haikai unyevu. Iliyozimwa mwezi mzima ndiyo inayoliwa na chumvi.

Jambo moja la mwisho, lisikupate kama lilivyonipata. Nilipoiunga hii mpya nikabonyeza swichi, feni zikazunguka, skrini giza. Nikazima. Nikawasha, giza. Nikachomoa RAM, nikarudisha, giza. Saa saba usiku mke wangu akachungulia akauliza, "Imekufa na hii?" Nikakosa jibu, nikaiacha ikiwaka nikaenda kunywa maji. Niliporudi nembo ya madabodi inaning'inia kwenye skrini. Kumbe mara ya kwanza RAM hizi za aina ya DDR5 hujipima zenyewe, huweza kuchukua dakika kadhaa, na mimi kila zikikaribia kumaliza nazizimia. Waya wa skrini pia uchomeke kwenye kadi, si kwenye madabodi.

Nitashuka Malindi baada ya Idi, inshallah. Nunua vyote ila usiviunge, nataka kuona nami. Bisibisi yangu ya sumaku nakuja nayo. Wewe tafuta meza ambayo haiko chini ya dirisha.

Nisalimie nyumba nzima.

Ni mimi nduguyo,
Omari