Upo? Nipo

Ndugu yangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia juzi. Nimeisoma mara mbili, na sehemu moja nimeirudia zaidi: pale unaposema kwamba usiku, mama unayemuuguza akishalala, unasali na kuhisi unazungumza na ukuta. Umeuliza, "Mungu yuko wapi?" Swali hilo siwezi kulipita juu juu.

Hebu tazama neno ulilotumia. "Yuko" twasema tukimfikiria mtu aliye kule, tusiyemwona. "Yupo" ni wa hapa hapa. "Yumo" ni wa ndani. Naamini yote matatu ni kweli juu ya Mungu, ila moyo ukichoka hubaki na lile la kwanza tu.

Utotoni, nikiambiwa Mungu yuko kila mahali, nilimdhania kama hewa: kidogo hapa, kidogo kule. Sivyo. Mungu hana vipande. Alipo, yupo mzima. Pale kando ya kitanda cha mama hajaleta baki ya kilichotumika kwingine. Wala hafungiki mahali. Sulemani alipoliweka wakfu hekalu alikiri kwamba hata mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba aliyoijenga yeye. Lakini ninayemshikilia zaidi ni Yakobo. Alikuwa mbioni kumkimbia kaka yake, baada ya kumdanganya baba yao, akalala porini, jiwe likiwa mto wake. Alipoamka akashtuka: kumbe Bwana yupo pale, naye hakujua! Hakujua, na Mungu alikuwepo. Kutokumhisi kwake hakukumwondoa.

Sijawahi kukusimulia usiku wa mwisho wa baba yangu. Midomo ilikuwa imemkauka, nami nikawa nachovya pamba kwenye maji na kumlowesha kidogo kidogo. Kama saa tisa hivi, macho kafumba, akauliza, "Upo?" Nikasema, "Nipo, baba." Basi. Hakuomba maji wala dawa. Baada ya kitambo tena, "Upo?" Nami, "Nipo." Kumponya sikuweza, naye alijua hivyo, alitaka tu kujua kama nipo. Kulipopambazuka ndipo nilipotambua kwamba usiku kucha mimi nami nilikuwa nikimuuliza Mungu neno lile lile. Sauti sikuisikia, nisikudanganye. Lakini ile nguvu ya kuitika kila mara kwa upole, nami nina siku tatu bila usingizi, haikuwa yangu. Najijua.

Kwa hiyo usiache kusali, hata kama maneno yamekuishia. Uliza tu, "Upo?" Naye mama akizinduka, mwitikie.

Nitafika Ijumaa jioni. Usiku huo nitakaa naye mimi, wewe ulale.

Mwenzako akupendaye