Mlevi akisema "twende", apokelewe siku hiyo hiyo

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika kwamba dawa ya mlevi ni kumfungia ndani wiki nzima, atatoka ameacha. Naomba nafasi nimjibu, maana sisi tulifanya hivyo hapa Ujiji na nusura tumzike mdogo wangu.

Yeye ni mvuvi wa dagaa, Katonga. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika. Kwetu mbalamwezi ndiyo ilikuwa msiba. Fedha ya giza lote iliishia kwenye viroba, ile pombe kali ya vipakiti, na viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 akahamia kwenye gongo. Kisha Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, akakaa nchi kavu miezi mitatu. Hapo ndipo nilipouona ugonjwa wenyewe. Asubuhi nampa chai, hawezi kuinua kikombe. Anakiacha pale pale mkekani, anainama, anaufuata ukingo wake kwa midomo. Akipata gongo kidogo, mikono inatulia. Mtu wa namna hiyo hanywi kwa starehe, jamani.

Tukamfungia. Siku ya kwanza alituomba, ya pili alitutukana. Ya tatu jasho likalowesha godoro, akawa anafukuza siafu ukutani ambao sisi hatukuwaona. Mama akasema ni mashetani. Kabla hatujampata wa kumsomea dua, akaanguka kifafa na kujing'ata ulimi. Hospitali daktari akatueleza kwamba mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla, kifafa na kuweweseka vinaweza kuua. Huachishwa kwa dawa, diazepamu inayopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1, huku akiangaliwa. Ndugu msomaji, nakuomba usimwambie tena mtu afunge mlango.

Alipona, akarudi nyumbani, akanywa tena. Tukaita kikao. Wajomba, baba wadogo, majirani, wote wakamzunguka barazani wakimhesabia makosa. Aliinuka watu wakiwa bado wanasema, akaenda kulala ufukweni siku nne.

Binti yangu anasomea uuguzi. Akanisomea habari za utafiti wa Marekani wa mwaka 1999, wa familia 130 zenye mlevi anayekataa tiba. Katika familia zilizoandaliwa kufanya kikao kama chetu, ni 30 tu kati ya 100 zilizofanikiwa kumfikisha mgonjwa kwenye tiba. Ndugu waliofundishwa kubadili namna ya kuishi naye nyumbani walifika 64. Nikamwambia, basi nifundishe.

Nikaacha kumlipia deni la gongo, ambalo miaka yote nililipa kwa kuogopa aibu. Nikaacha kumsema akiwa amelewa. Akirudi mzima, namwekea ugali na migebuka ya mawese, nakaa naye, tunaongea habari za ziwa mpaka taa inazimwa. Akirudi amelewa, chakula kipo kimefunikwa, mimi nimeshaingia kulala. Mama alilia kwamba namtenga mwanawe, na machozi yale yalinitesa kuliko gongo yenyewe. Lakini nilikuwa namwonyesha kwamba nyumba hii ni tamu ukiwa na akili zako.

Alfajiri moja, mwezi unazama upande wa Kongo, akanigongea dirisha.

"Dada, twende."

Tulipanda bodaboda, sote wawili nyuma ya dereva. Kituo tulichofika wakasema anayehusika hayupo, turudi Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa mikono ikaanza kutetemeka, na mimi nilishajua kutetemeka kule kunaelekea wapi. Sikuthubutu kumzuia asinywe. Jumatatu ilipofika hakuwa mtu wa kupelekwa popote.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Waathirika wa heroini nchini wanapewa methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha heroini, tangu mwaka 2011, ilipoanzia Muhimbili, na ni jambo jema sana. Lakini methadoni haitibu gongo, na mtaani kwangu ninaowaona wakiangamia ni wa gongo. Wala sidai jengo jipya. Diazepamu ni dawa ya kawaida, vitamini ni vitamini. Nawaomba wakuu wa afya wa mkoa wetu wapange kwamba mlevi akija kwa miguu yake apatiwe kitanda siku hiyo hiyo, na asiwepo wa kumwambia amejitakia. Sisi ndugu tunatumia miezi kulitafuta lile neno "twende". Likishatoka, halingoji Jumatatu.

Ilipita miezi miwili ndipo akanigongea tena. Safari hiyo hospitali nyingine ilimpokea, akalazwa siku sita. Tangu hapo ameteleza mara moja, mbalamwezi ya mwezi uliopita, akanywa siku mbili, kisha akarudi kliniki mwenyewe bila kusukumwa. Nauli ya bodaboda bado naiweka kwenye kopo la majani ya chai, karibu na dirisha.

Dada wa mvuvi,
Ujiji, Kigoma