Ramani za kwenye simu zinatupoteza

Mhariri, salamu. Naomba nafasi nisemee hizi ramani za mtandaoni, maana sisi madereva wa bajaji hapa Dar zimetuchosha. Zamani zilikuwa na afadhali, sasa hivi unapewa mteja, unafuata mstari wa bluu vizuri tu, mwisho unajikuta bondeni Msimbazi mbele ya kidaraja cha waenda kwa miguu, bajaji haipiti, na mteja huko anapiga simu anakufokea we unazunguka nini. Mvua zikinyesha ndo balaa, Jangwani pamejaa maji barabara imefungwa, ramani yenyewe inakwambia nenda moja kwa moja. Duka la dawa lililofungwa kitambo bado lipo kwenye ramani, mtu na mgonjwa wake usiku anafika anakuta fremu ya saluni. Hii sio ya kuchukulia poa jamani.

Ukiripoti kosa unajibiwa asante, basi, kimya.

Na kinachoniuma ni kwamba ramani sahihi inawezekana kabisa. Watu wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani ya Dar, mwaka 2015 walitembea mitaani na wanafunzi na wenyeji, wakachora mpaka mitaro, tena ni bure kwa kila mtu. 2022 serikali ikatuwekea vibao vya anwani za makazi, majina ya mitaa na namba za nyumba, sasa mbona kwenye simu mtaa hauna jina? Hizo kampuni za ramani ziweke watu hapahapa mjini wanaozijua njia, na ripoti zetu zifanyiwe kazi.

Dereva bajaji, Kigogo