Fomu inauliza kama nimewahi kunyang'anywa nyumba

Ndugu Mshauri,

Fomu ya kuomba mkopo wa nyumba iko mezani, imebaki swali moja tu. Jina, kazi, mshahara, wategemezi, vyote nilivijaza jioni moja. Swali lenyewe ni fupi: "Je, umewahi kunyang'anywa nyumba kwa kushindwa kulipa mkopo?" Halisemi ndani ya miaka mitano wala kumi. Linasema umewahi, basi. Pembeni kuna visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, na leo ni siku ya nane sijatia alama popote.

Nimewahi. Ni miaka 9 sasa. Mkopo wangu ulikuwa wa riba inayobadilika, ikapanda mara mbili, na kabla sijajipanga kazini wakapunguza watu, nami nikiwamo. Miezi ya kwanza nililipa nusunusu. Halafu nikafanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma kuliko kukosa kazi kwenyewe: niliacha kufungua barua za benki. Nilikuwa nazipanga juu ya friji. Baadaye nilikuja kujua kwamba mbili kati ya hizo zilikuwa za kuniita tukae tupange upya marejesho.

Siku ya kukabidhi nyumba, fundi aliyeletwa kubadilisha vitasa alikuwa amesahau bisibisi. Akaniomba yangu. Nikaenda nikaitafuta, nikampa. Alipomaliza akaifuta kwa shati lake, akanirudishia na kusema asante mzee. Bisibisi hiyo ninayo hadi leo.

Nyumba ikapigwa mnada. Nilidhani ikishauzwa tumeachana, kila mtu na njia yake. Kumbe bei iliyopatikana haikufikia deni, na juu yake kulikuwa na riba iliyolimbikizwa, ada ya dalali na gharama za wakili. Ikaja barua ya deni lililobaki. Hiyo niliifungua. Nikalipa kidogo kidogo kwa miaka miwili, kisha nikahama, barua zikakoma, na mimi nikanyamaza.

Sasa nina kazi ya kudumu, mwaka wa sita huu. Kodi ya pango sijawahi kuichelewesha. Mimi na mke wangu tumeweka akiba inayofika robo ya bei ya nyumba tunayoitaka. Kabla ya kuchukua fomu niliomba ripoti yangu ya taarifa za mikopo, na nyumba ile haimo tena. Nimesoma kuwa hata Uingereza kumbukumbu ya namna hiyo hukaa miaka 6, Marekani miaka 7, kisha hufutwa. Mke wangu alipoiona ripoti alisema weka Hapana, mambo yamekwisha. Shemeji yangu yeye anashauri ombi liende kwa jina la dada yake peke yake, mimi nisionekane kabisa. Tumepiga hesabu: kwa mshahara wake pekee tutapata mkopo wa nusu nyumba.

Nilikwenda kwa wakala wa mikopo. Aliniambia kufutwa kwenye ripoti si kufutwa kwenye makabati ya benki iliyonikopesha. Wao kumbukumbu zao wanazo. Akanionyesha maandishi madogo juu ya mahali pa kutia saini: ukitoa taarifa ya uongo, mkopo unaweza kudaiwa wote kwa mkupuo hata kama mmeshahamia, na kesi ya udanganyifu juu. Anasema wapo wakopeshaji wanaomkubali mtu kama mimi, ila kwa kianzio kikubwa na riba ya juu kidogo, na niwaambie mapema kabla hawajagundua wenyewe. Akanionya pia nisitawanye maombi kila mahali, maana kila ombi linaacha alama kwenye ripoti.

Kwa hiyo Ndiyo ningeweza kuiweka hata usiku huu. Tatizo ni mstari unaofuata: "Kama ndiyo, eleza, na utaje deni lolote lililobaki."

Kiasi sikijui. Nikiiandikia benki ile ya zamani kuuliza, nimejipeleka mwenyewe. Mtu mmoja anayejua sheria aliniambia kuwa mahali pengi deni la zamani likipita miaka fulani haliwezi tena kupelekwa mahakamani, lakini ukilikiri kwa maandishi au ukalipa hata kidogo, hesabu ya miaka inaweza kuanza upya. Nisipouliza, sina takwimu ya kuandika, wala barua ya kuonyesha kuwa nimemalizana nao. Na mkopeshaji yeyote mwenye akili ataitaka barua hiyo.

Halafu kuna hili, ambalo nimelizungukazunguka tangu nianze kuandika. Habari ya nyumba mke wangu anaijua, nilimweleza kabla hatujaoana, mpaka na kisa cha bisibisi, na hukisimulia kwa wageni wakacheka. Habari ya deni lililobaki haijui. Anaposema weka Hapana, anasema kwa sababu anadhani hakuna kingine nyuma yake. Robo ile ya akiba, zaidi ya nusu imetoka mfukoni mwake.

Naomba unisaidie mpangilio, kwani mambo yenyewe nadhani nayajua. Nianze na wakili, aniambie deni limefikia wapi kisheria kabla sijaandika lolote? Au nianze na mke wangu, nikiwa sina hata kiasi cha kumtajia? Na je, benki inayodai deni la miaka yote hii huwa inakubali kulipunguza, ukienda na fedha taslimu mkononi?

Mwenye nyumba tunayotaka kununua amesema atatusubiri hadi mwisho wa mwezi. Nami nakuomba siku chache kabla hujaichapa barua hii. Mke wangu huusoma ukurasa wako, na akifika kwenye bisibisi hatahitaji kuona jina.

Msomaji wako