Ndoo ya maji ruksa, chuma marufuku?

Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika juma lililopita akishangaa kuona wanawake watu wazima wakinyanyua vyuma uani kwa watu. Anasema vyuma ni vya mabaunsa na vijana wanaotaka vifua vya kupigia picha. Mama wa miaka hamsini na kitu akijitia humo atavunjika mgongo, heri atembee tembee tu. Mimi ni mmoja wa hao aliowashangaa. Nina miaka 61, nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na vyuma nanyanyua.

Namwuliza hivi: ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo ngapi? Ishirini, ukiacha ndoo yenyewe. Chuma cha wanaume cha Olimpiki, kabla hakijavalishwa uzito wowote, kina kilo hizo hizo 20, na cha wanawake kina 15. Mama anajitwisha ndoo bombani, mtoto mgongoni, anapanda nayo kilima, na hakuna anayeandika gazetini kuulizia mgongo wake. Akishika chuma cha uzito ule ule, kinachoshikika kwa mikono miwili, mwalimu kasimama pembeni, ndipo watu wanakumbuka kuwa ana mgongo!

Wapo wanaosema basi ndoo na jembe vinatosha. Havitoshi. Ndoo ni lita 20 leo na mwakani pia, na mwili ukishaizoea hauna haja ya kuongeza nguvu. Gunia la mkaa nalo halikuulizi kama jana ulikuwa na homa. Chuma unakipangia uzito wewe.

Uani kwa fundi wa kuchomelea hapa Kihonda, anayeanza hupewa mpini wa jembe. Mpini mtupu. Mzee mmoja mstaafu wa reli, miaka sabini na ushei, alikaa na mpini wiki kadhaa akijifunza kuchuchumaa na kuinuka bila magoti kuingia ndani. Akapewa bomba, kisha bomba lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege, ambayo fundi aliyapima kwenye mizani ya mashine ya kusaga na kuyaandika kilo kwa chaki. Mzee huongeza kilo moja, pengine nusu, na wiki ambayo kikohozi kimembana haongezi kitu. Pembeni yake kijana wa bodaboda ana kilo 100, dada muuza maandazi ana 40. Wanachofanya ni kimoja: kuchuchumaa na chuma mabegani, kukiinua kutoka chini hadi mapajani, kukisukuma juu ya kichwa. Mara tano, pumzika, rudia. Siku mbili kwa wiki.

Yule mzee hakuja kutafuta kifua. Nitasema wazi, maana wengi wanaona haya: alikuja kwa sababu ya choo. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, na mtu mzima akifika mahali pa kumwita mjukuu amshike mkono ainuke, hakuna dawa ya kuchua inayomrudishia heshima yake. Sasa anaingia na kutoka mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuswali juu ya kiti. Siku hizi nasujudu na kuinuka kama zamani.

Msomaji wako asidhani haya ni maneno ya uani tu. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa taarifa ya wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wa umri wa karibu miaka 90, waliofanyishwa mazoezi ya uzito mzito wa miguu kwa wiki 8. Nguvu za miguu ya wale tisa waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Walitumia mashine, si chuma cha mabegani, lakini msuli haujui tofauti hiyo. Na Australia, utafiti uliochapishwa 2018 uliwachukua wanawake 101 waliokwisha koma hedhi, mifupa yao imepungua. Waliopewa vyuma vizito walifanya nusu saa, mara mbili kwa wiki, miezi 8, chini ya msimamizi, na mifupa ya uti wa mgongo, kiunoni, ikaongezeka msongamano kwa karibu asilimia 3. Wenzao waliopewa mazoezi mepesi ya nyumbani, yao ikapungua. Hao ndio akina mama anaotaka watembee tembee!

Tahadhari zipo. Mwenye presha apime kwanza, amwone daktari, na asibane pumzi akinyanyua. Asiyejua asijifundishe peke yake kwa kutazama video. Na kwa wanaohofia kuwa vyuma humdumaza mtoto, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimekwisha kueleza kuwa mazoezi ya uzito yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa hayazuii mtoto kurefuka. Binti wa kidato cha tatu anayecheza netiboli hunyanyua nasi, na mama yake humleta mwenyewe.

Sasa nije kwenu wenye gazeti, na kwa viongozi wetu. Jumamosi barabara zinajaa klabu za jogingi, fulana za rangi moja, mgeni rasmi mbele. Sizibezi, moyo unazihitaji. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawataka watu wazima wafanye pia mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kwa wiki, na hilo sijawahi kulisikia kwenye hotuba ya mgeni rasmi yeyote. Ukurasa wenu wa afya nao, ukitaja vyuma, picha ni ya kijana mwenye misuli hadi shingoni. Mleteni mpiga picha kwetu siku moja, wajukuu wamwone bibi gazetini.

Mvua zikianza, uani kwa fundi hapafai, panateleza. Tuliomba banda la shule lililo wazi tulitumie jioni, tukajibiwa kuwa vyuma vitaleta wahuni. Mhuni mkubwa kati yetu ni yule mzee wa reli. Vyuma tunavyo, na hatuombi fedha. Tunaomba paa tu, saa moja, Jumanne na Ijumaa, wanafunzi wakishakwenda nyumbani.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro